Faini ya Kumzika Mzee Bakari

Handeni,
Jumapili, baada ya mvua

Dada yangu Kabula,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umesimama na ndoo kichwani ukiitazama bahasha kwa jicho moja. Magoti ya Mama yanaendeleaje baridi hii? Shemeji amesharudi kutoka mnadani? Na yule mwanao aliyekuwa anatambaa nilipoondoka, siku hizi anakimbilia wapi? Nijibu yote, hata yale unayoona hayana uzito. Mimi mwili wangu ni mzima. Ya moyo ndiyo ninayotaka kukuandikia, maana kwenye simu kila mara nasema "salama" kabla hujamaliza kuuliza, kisha nabaki nimeishika simu kama mtu aliyejifungia mlango mwenyewe.

Handeni bado naiona kama mtu anavyoona mahali akiwa nusu usingizini. Asubuhi ukungu unalala juu ya mahindi, na watu wa baiskeli wanatokea ndani yake vichwa kwanza, magurudumu baadaye. Sauti za Kizigua zinanipita karibu, laini, na ninashika neno moja katika mengi, kama mtu anayesikia jina lake ndotoni. Unakumbuka Babu alivyokuwa akisema mistari ya mkonge wa Korogwe haina mwisho? Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka. Dada, haina mwisho. Ukiitazama kutoka dirishani mwa basi inageuka pamoja nawe, mstari unafungua mstari, mpaka hujui kama ni wewe unayekwenda au ni shamba.

Kazi ya masjala naimudu. Napokea barua za ofisi, naziandikisha, naziweka kwenye majalada yake. Mkuu wangu ni Mama Mhina, Mzigua wa Sindeni, mwanamke mwenye shahada mbili na kicheko kinachofika barabarani. Anasema hajawahi kuona karani kama mimi, wala hajasema kama hiyo ni sifa. Nikishafunga bahasha huwa naifungua tena kuhakikisha kwamba nilichotia ndani ndicho nilichotia. Siku moja alinikuta naifungua ile ile kwa mara nyingine.

"Mnyamwezi," akaniambia, "hiyo barua ina mtoto ndani anayetaka hewa?"

Hapa hawaniiti Mihayo. Wazigua ni watani zetu tangu enzi za misafara, na kwa kuwa ofisini Mnyamwezi ni mimi peke yangu, deni lote la utani limeniangukia mimi. Wananipokonya kalamu, wananilia karanga, wananiuliza babu zangu walizipeleka wapi pembe za ndovu. Nami natabasamu, kisha nikifika chumbani nafikiri jibu zuri ambalo ningewapa, nalirekebisha, na kesho yake silisemi.

Sasa nije kwenye tasnifu, maana sikuwahi kukueleza vizuri. Ni kile kitabu cha utafiti ambacho lazima kila mmoja wetu aandike ndipo chuo kimpe shahada. Masomo mengine yote nilimaliza, nikaondoka chuoni kuja kazini nikiwa nimebakiza hicho tu. Nilidhani nitakimaliza mara moja, na kwa kweli kilikuwa kimekwisha. Hilo ndilo jambo la ajabu, Dada. Kilikuwa kimekwisha tangu kiangazi, na kila jioni nilikaa nacho nikikitengeneza. Nilitoa neno, nikalirudisha. Moyo ulinidunda kabla sijafungua ukurasa wa kwanza, viganja vikalowa, ugali ukapoa mezani. Nikilala naota nimo kwenye shamba la mkonge, kila jani ni sentensi, nami nimepewa kisu niyanyooshe yote kabla jua halijachomoza. Na jua halichomozi.

Mada yenyewe, usicheke, ni hiyo hiyo. Nimeandika juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotaka kila kitu wakifanye bila dosari, jinsi hamu hiyo inavyowala, na kwa nini baadhi yao huinuka tena. Nilizungumza na wanafunzi wa huku waliokuwa nyumbani kwa likizo. Msichana mmoja wa Mazingara, anayesomea ualimu, aliniambia, "Kaka, nikipita kijijini akina mama wanawaambia watoto wao, mtazameni yule. Sasa mtu anayetazamwa hivyo aanguke wapi?" Siku ya mtihani miguu yake iligoma mlangoni mwa chumba, akarudi kwao mwaka mzima. Nikamuuliza nini kilimrudisha chuoni. Akasema hakuna kikubwa. Alikuwa analima na dada zake, wakimcheka kwa kung'oa mihogo na kuacha magugu, mpaka siku moja akajikuta naye anacheka. Maneno yake niliyaandika vizuri sana, kwa mwandiko safi. Sikuyasikia.

Msimamizi wangu wa chuoni aliniongezea muda, akaniongezea tena. Wiki iliyopita alipiga simu. "Mihayo, isipofika Ijumaa jina lako linaondolewa, unaanza mwaka upya. Mimi sina tena mlango wa kukufungulia." Ilikuwa Jumatatu. Nakala nilikwisha kuchapisha, kilichobaki ni kwenda Korogwe kuifunga jalada na kuituma kwa basi. Nikajiambia nitaipitia mara moja zaidi Jumatano, na mara moja tu Alhamisi asubuhi. Nilijua ninachojifanyia. Mtu anaweza kujiona anazama na bado akawa anasahihisha nukta.

Jumatatu hiyo hiyo asubuhi Mama Mhina alikuja ofisini na khanga begani. Baba yake mkubwa, Mzee Athumani, alifariki Jumapili, wakamzika siku ile ile kule Sindeni.

"Jumatano tunaanua tanga," akaniambia. "Na wewe Mnyamwezi ndiye mtani wetu. Utakuja utuchezee marehemu."

Unajua ilivyo kwetu, Dada. Siku ya kufunga maombolezo mtani anamwigiza marehemu, anawasumbua wafiwa, anadai vitu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Lakini mimi nimeona tu, tena nikiwa mtoto, nimejificha nyuma yako.

"Mama, mimi sijui kutania."

"Nani amekuuliza kama unajua? Babu zenu walipita hapa wakala mihogo yetu, na wao hawakujua kulima."

Basi nikafanya kama ninavyofanya kila kitu. Nilimwendea dereva wa ofisi, Semboja, Msambaa wa milimani, nikamuuliza mzee wa Sindeni wa Mama Mhina alikuwa mtu wa namna gani. Akanieleza vizuri, maana aliwahi kumpeleka hospitali na gari la ofisi. Anachechemea mguu wa kushoto, ananusa ugoro, na hawezi kupita mlangoni mwa mtu bila kuuliza mmekula nini. Nikayaandika. Jioni mbili nikachechemea chumbani mbele ya kioo mpaka paja likauma. Nilijifunza namna ya kubana pua. Nilipanga maneno, nikayapunguza, nikayapanga tena. Tasnifu ilikaa mezani ikinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi sikuigusa, kwa sababu nilikuwa na kitu kingine cha kuogopa.

Jumatano ofisi nzima tulikwenda Sindeni. Tasnifu niliibeba kwenye mfuko, sikuweza kuiacha. Tulikuta turubai limefungwa uani, wanaume wameketi kwenye mikeka, wanawake barazani na wengine ndani pamoja na mjane, na moshi wa wali ukitambaa chini chini kama unatafuta mtu. Dua ilipokwisha Mama Mhina akanikonyeza. Nikavaa kofia ya kuazima, nikashika fimbo, nikatokea nyuma ya nyumba nikichechemea.

"Hodi wafiwa! Mmekula nini leo, mbona harufu haijafika kaburini? Nipeni ugoro, huko nilikokwenda hawana!"

Walinitazama kama watu wanaomtazama mtu anayetembea usingizini kuelekea kisimani. Nikaona nyuso zote zinasogea mbali, ndogo, kana kwamba nazitazama kupitia maji. Ndipo mzee mmoja akainuka kwenye mkeka wa nyuma. Akapangusa ugoro puani. Akaanza kunijia, akichechemea mguu wa kushoto, nami kwa kuwa sikujua namna ya kuacha, nikaendelea kuchechemea kumwelekea. Tulikutana katikati ya uwanja kama mtu na kioo chake.

"Mtani," akasema taratibu, "mimi nimekufa lini?"

"Jumapili, baba!" mmoja akapaza sauti kutoka barazani. "Ila hatukutaka kukushtua!"

Turubai likalipuka kwa kicheko. Watu waliangukiana. Semboja alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake, mabega yakimruka. Mzee ambaye Semboja alimpeleka hospitali alikuwa huyu, Mzee Bakari, mdogo wake marehemu. Mimi niliyeuliza pua inabanwa kwa kidole kipi sikuwahi kuuliza mguu ni wa nani.

Kisha kutoka ndani ikaja sauti ya mjane. "Athumani wangu alikuwa amenyooka kama mwiko! Mwambieni huyo Mnyamwezi amekosea kaburi!" Naye akacheka, kicheko cha kukwaruza, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Barazani wanawake wakanyamaza wamsikilize. Mkwewe alikuja kuniambia baadaye kwamba tangu Jumapili hakuwa ametamka neno ila kujibu pole.

Nilikuwa nimepiga magoti bila kujijua. "Nisamehe, mzee wangu."

"Mzee wako nani? Mimi mtani wako. Msamaha peleka kwa mchungaji wako, hapa tunataka faini. Umenizika hai mbele ya wajukuu. Kuanzia leo nani ataniogopa?"

"Mfuko wake!" wakadakia wapwa wa Mama Mhina. "Huo ndio ng'ombe wetu!" Wakaunyakua. Nikasema, jamani, hapana, na mtani akisema hapana ndipo hasa wanapofungua. Ikatoka tasnifu, kurasa zake zote, mmoja akasoma jina lake kwa sauti ya taarifa ya habari.

"Kinasema nini hicho?" Mzee Bakari akauliza.

Nilianza kama nilivyoandika. Mama Mhina akanikatiza. "Tafsiri, Mnyamwezi. Watu wana njaa."

Basi nikawaambia. Nilisema wapo vijana vyuoni ambao kosa dogo kwao ni msiba. Hawalali, hawali, wanaandika na kufuta mpaka wanaumwa, na wengine wanaacha masomo si kwa kushindwa bali kwa kuogopa kushindwa. Nikasema wanaoinuka si wale wasiokosea. Ni wale ambao wakikosea wana mahali pa kuketi na watu wa kuketi nao. Nilisikia sauti yangu inasema hivyo na nikashangaa jinsi ilivyokuwa fupi.

"Umekiandika wewe?" Mzee Bakari akauliza.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaumwa?"

Watu walikuwa tayari kucheka. Nikasema ndiyo. Sikupanga, lilitoka tu, na machozi nyuma yake. Hapo hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja wa barazani, ambaye mpaka leo simjui jina, akashuka na sahani ya wali, akaiweka mbele yangu, akarudi kukaa.

Nilikula, Dada. Wali wote. Nao waliendelea na mazungumzo yao, wakinipita kwa Kizigua, kana kwamba nimekuwa pale miaka yote.

Nilipowaambia kwamba kitabu kinatakiwa chuoni Ijumaa, Mama Mhina alishika kiuno. "Na hukuniambia?" Kisha akawageukia wenzake. "Basi faini ni hii. Kitabu hakiguswi tena na kalamu. Baba mdogo atakilinda mpaka Korogwe, kesho, yeye mwenyewe."

"Na ugoro," akasema Mzee Bakari. "Ugoro wa Korogwe ni mzuri zaidi."

"Na ugoro."

Alasiri ile Mzee Bakari alilala kwenye mkeka, tasnifu ameiweka chini ya kichwa. Nilikaa karibu nikiwaza pembe za kurasa. Upepo ulikuwa unavuta turubai na kuliachia, kuvuta na kuliachia, na mahali fulani mtu alikuwa anatwanga. Sikumbuki nilipolala. Nilipoamka nilikuta nimefunikwa khanga ya mtu, na sikuwa nimeota chochote.

Alhamisi tukaenda Korogwe, Mzee Bakari na mimi. Aliupakata mfuko njia nzima. Mawingu yalikuwa yamekaa kwenye miguu ya milima ya Usambara, sehemu ya juu ikielea peke yake kama haijaamua kushuka. Aliniuliza kwetu Nzega tunakula nini. Nikamweleza michembe, viazi vinavyokatwa na kukaushwa juani, akasema ndiyo maana tunatembea sana, tunatafuta chakula.

Kwenye duka la kufunga vitabu dada mmoja alizipanga kurasa, akazigonga mezani zilingane, akasimama. "Huu mmoja una doa."

Ilikuwa alama ya kidole, kahawia, pembeni kabisa. Kidole cha ugoro. Mzee Bakari akatazama dari.

"Unaweza kuuchapisha tena," dada yule akasema, "ila basi la mizigo linaondoka sasa hivi. Lingine mpaka kesho jioni."

Nilipoinama kulitazama lile doa nikaona na kitu kingine. Ukurasa huo huo kulikuwa na aya niliyoihamisha jioni nyingi, na ilikuwa mahali pabaya. Niliona wazi inapotakiwa kukaa. Viganja vikaanza kulowa. Mtaa wote ukawa mbali, pikipiki zikapita bila sauti. Nilimtazama Mzee Bakari nikitaka aniamulie, maana yeye ndiye mlinzi, lakini alikuwa anajadiliana na muuza ugoro wa mlango wa pili na wala hakuwa nami.

"Nifunge?" dada yule akauliza.

Nikasema funga. Sauti ilitoka ndogo, akaniuliza tena, nami nikalazimika kulisema mara ya pili, kwa nguvu. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu.

Tulikimbia stendi, yaani mimi nilikimbia naye akanifuata kwa mwendo wake. Basi lilipoondoka na kifurushi nilisubiri hofu inijie. Ilikuja, sitakudanganya. Ilikaa nami kwenye benchi. Lakini Mzee Bakari naye alikuwa amekaa upande wa pili akipiga chafya, nikajikuta kati yao wawili, na yeye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa zaidi.

Jana mchana nilikuwa nakula kibandani karibu na ofisi, msimamizi akapiga simu.

"Imefika," akasema. "Nimeanza kuisoma. Ni kazi, Mihayo. Ina makosa, na kuna aya iko mahali pabaya kabisa. Na ukurasa mmoja unanuka tumbaku. Umeanza kunusa?"

Nikamwambia hapana, ni mtani wangu. Akacheka, akasema niende mwezi ujao kuitetea mbele ya watahini, wataniambia ya kurekebisha. Huenda wakasema machache, huenda wakasema rudi ukaandike upya nusu yake. Sijui, Dada. Bado naamka moyo ukinidunda, na bahasha za ofisi bado nazifungua, ingawa si zote. Usidhani nimepona kama mtu anavyopona homa.

Unisalimie Mama, ambaye utamsomea haya ukiruka pale nilipolia, au usiruke, uamue wewe. Umsalimie Shemeji, mumeo mvumilivu, mwambie Korogwe ng'ombe wapo ila hawafikii wetu. Baba Mdogo fundi baiskeli mpe shikamoo yangu. Shangazi wa kanisani mwambie maombi yake nimeyapata. Na yule mkimbiaji wako mdogo umnyanyue juu mara moja kwa niaba yangu.

Lakini lipo moja nakuomba. Najua Mama husimama kisimani na kuwaambia majirani kwamba mwanawe hakosei. Anasema kwa upendo. Kabla sijaenda chuoni, mwambie kwamba kitabu cha Mihayo kimefika na kina makosa, na kwamba simu ilipokatika mwanawe alimalizia chakula chake. Akiuliza makosa mangapi, mwambie sikuuliza.

Nikiwa mbali lakini wenu,
mdogo wako,
Mihayo